Isome mita yako kabla haijawa janja

Malalamiko ya wenye LUKU, mita za kulipia kabla, yanafanana, awe mtu wa Tabata, wa Makambako au wa Tandahimba: umeme unaisha kabla ya siku zake. Umenunua wa elfu kumi Jumamosi, Alhamisi mita inaanza kulia. Lawama ya kwanza huiangukia mita, kwamba inakimbia. Ya pili huliangukia shirika la umeme, TANESCO. Ya tatu, kama nyumba ni ya kupanga, humwangukia mpangaji mwenye friji. Ni wachache wanaokwenda kusimama mbele ya kile kiboksi ukutani na kukitazama kwa dakika tano, ilhali majibu karibu yote yamo humo.

Sasa TANESCO imeanza kufunga mita janja, na swali ninaloulizwa zaidi ni kama mita hizo zinakula umeme kidogo kuliko za zamani. Hapana. Mita ni kipimo. Ikiwa nzima, uniti moja ya mita ya zamani ni uniti moja ya mita janja: wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Kinachobadilika ni wingi wa habari unazopewa na wepesi wa habari hizo kukufikia. Anayezifanyia kazi ataokoa fedha. Asiyezifanyia kazi atakuwa na mita ya kisasa na malalamiko yaleyale. Ndiyo maana ushauri wangu kwa yeyote anayesubiri mita janja ni aanze leo, na mita aliyonayo.

Ushahidi upo. Mjini Cape Town, Afrika Kusini, watafiti Kelsey Jack na Grant Smith walifuatilia wateja zaidi ya 4,000 waliohamishwa kutoka bili ya mwisho wa mwezi kwenda mita za kulipia kabla, wakakuta matumizi yameshuka kwa takriban asilimia 14. Ireland ya Kaskazini, ambako mita za kulipia kabla zilikuja na kioo kinachoonyesha matumizi ya papo hapo, utafiti ulikadiria upungufu wa asilimia 11 hadi 17. Sisi wa LUKU tumekuwa na sehemu ya faida hiyo tangu miaka ya 1990, kwa sababu anayelipa kabla huhesabu. Sehemu iliyobaki, ya kujua umeme unakwenda wapi ndani ya nyumba, bado hatujaichukua.

Kitaa chekundu

Karibu kila mita ya kielektroniki ina kitaa kidogo, kwa kawaida chekundu, kinachopepesa. Pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au 3200. Maana yake ni kwamba kitaa kikipepesa mara 1,000 (au 1,600, au 3,200), uniti moja imekwisha. Hapo ndipo penye siri yote. Kwenye mita ya 1000, hesabu mipepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60, na jibu ni wati zinazovutwa na nyumba nzima wakati huo. Ukihesabu 10, nyumba inavuta wati 600. Kwenye mita ya 1600 unazidisha kwa 37.5, na kwenye ya 3200 kwa 18.75. Saa ya simu na kipande cha karatasi vinatosha.

Chagua saa ambayo hakuna anayepika wala kupiga pasi. Zima kila kitu na uchomoe kila plagi, pamoja na friji na king'amuzi. Rudi kwenye mita utazame. Kitaa kinatakiwa kitulie. Baadhi ya mita hukiacha kimezimika, nyingine hukiacha kimewaka bila kupepesa, na zote mbili zinasema hakuna kinachotumika. Kikiendelea kupepesa, kuna kitu ulichokisahau, mara nyingi pampu ya kisima, taa ya uani au kengele ya geti, au umeme unavuja. Sasa zima meni swichi. Kitaa kikitulia, uvujaji uko ndani ya nyumba: waya wa zamani uliopita kwenye ukuta unaolowa, au hita ambayo koili yake imepasuka. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, siku hiyohiyo, maana umeme unaovuja bafuni huua mtu kabla ya kumaliza uniti zake. Kama meni swichi imezimwa na kitaa bado kinapepesa, tatizo liko kati ya mita na swichi, na huenda kuna mtu amejiunganisha hapo. Usiguse chochote. Toa taarifa kwa shirika na uombe namba ya taarifa yako.

Nyumba ikishatulia, washa kitu kimoja kimoja na uhesabu. Hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu vitu tunavyovilaumu sivyo vinavyotumaliza. Taa ya LED ya wati 9 itakusimamisha mbele ya mita ya 1000 karibu dakika saba upate mpepeso mmoja. Televisheni ya wati 60 hupepesa mara moja kwa dakika. Friji ya kawaida, kompresa ikiwa imewaka, ni mara mbili hadi tatu. Pasi ya wati 1,000 ni mara 17. Birika la umeme la wati 2,000 ni mara 33. Kisha mwambie mtu afungue maji ya moto bafuni, kwenye ile hita inayochemsha maji papo hapo juu ya bomba la mvua. Kwa hita ya wati 4,500 kitaa kitapepesa mara 75 kwa dakika, zaidi ya mara moja kila sekunde.

Nilifanya zoezi hili kwenye nyumba moja ya Kimara pamoja na mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa amewapiga marufuku watoto kuwasha televisheni siku za shule ili kuokoa umeme. Alisimama na daftari kibarazani, kijana wake bafuni, na maji yalipofunguliwa alihesabu hadi arobaini akanyamaza, akakitazama kitaa tu. Tukapiga hesabu palepale. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano ni uniti 0.3, kama shilingi 107. Watu watano wakioga dakika kumi kila mmoja kwa hita ya wati 4,500 ni uniti 3.75, yaani zaidi ya shilingi 1,300 kila kukicha, na karibu 40,000 kwa mwezi. Marufuku ya televisheni iliondolewa. Hita ilibaki, lakini ikawa ya asubuhi za baridi na ya mgonjwa. Kwa joto la Dar es Salaam hakuna aliyelalamika sana.

Sijui njia nyingine inayofundisha matumizi ya umeme haraka kiasi hicho, na haina gharama. Msomaji wa Kampala mwenye Yaka, wa Nairobi mwenye tokeni, wa Kigali au Bujumbura mwenye kashpawa, afanye hivyohivyo. Kitaa ni kilekile na hesabu ni ileile.

Uniti, si shilingi

Kosa linalofuata ni kupima umeme kwa fedha. "Nimeweka elfu tano" haisemi kitu. Sema umeweka uniti ngapi, kisha angalia zimedumu siku ngapi.

Kwa Tanzania hesabu iko hivi. Mteja wa kundi la D1, kundi la majumbani lenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Uniti ya 76 inapanda hadi 350. Mteja wa T1, waliko wengi wa mijini na wenye biashara ndogo, hulipa 292 kwa kila uniti, ya kwanza mpaka ya mwisho. Juu ya hapo kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA ya kupeleka umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA. Ukijumlisha, uniti ya D1 inafika shilingi 122 na ya T1 shilingi 356. Ndiyo sababu elfu moja humpa mmoja uniti 8.2 na jirani yake 2.8, na wote wawili wametendewa sawasawa kulingana na makundi yao.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa ghorofa za mijini ni 7,500 kwa kila sakafu. Hukatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Mteja wa T1 akinunua wa elfu tano tarehe mbili anapata uniti 9.8. Akinunua tena wa elfu tano tarehe kumi na tano anapata 14. Hapo ndipo uvumi unapozaliwa kwamba mwanzo wa mwezi mita "inaiba". Na nyumba ikikaa miezi minne bila kununua umeme, deni hujikusanya na kukatwa kwa mkupuo. Ujumbe wa simu unaoleta tokeni umeandika haya yote mstari kwa mstari, lakini wengi husoma zile namba 20 na kuufuta. Usiufute. Usome mpaka chini.

Aliyeko D1 ana sababu kubwa kuliko wote ya kuchunga mita yake, kwa sababu akizoea kuvuka uniti 75 huhamishiwa T1, na bei ya kila uniti inakuwa karibu mara tatu. Uniti 75 kwa mwezi ni 2.5 kwa siku, au 17 na nusu kwa wiki. Friji ndogo iliyo nzima, taa za LED, televisheni, feni moja na simu za kuchaji vinaweza kuenea humo. Hita ya maji haienei. Kila Jumapili baada ya kula soma salio, andika, toa. Wiki ikifika uniti 20 unajua mapema, wakati bado una wiki tatu za kurekebisha.

Kenya ni tofauti kidogo na ni vizuri wasomaji wa huko wajue. Kundi la mteja hutegemea wastani wa matumizi yake, na juu ya bei ya msingi kuna tozo ya mafuta na ya fedha za kigeni ambazo hubadilika kila mwezi. Shilingi zilezile zikikupa uniti tofauti mwezi huu na mwezi uliopita, usikimbilie kuishuku mita. Linganisha kwanza tozo kwenye ujumbe.

Nyumba ya wapangaji sita

Hakuna mahali umeme unapovunja ujirani kama kwenye nyumba yenye LUKU moja na vyumba sita. Mchango ni sawa kwa wote, mwenye balbu moja na mwenye friji ya kuuzia barafu. Mwenye balbu anaona anaonewa, na ni kweli anaonewa. Anaanza kuacha taa imewaka usiku kucha "ili na mimi nifaidi", na matumizi ya nyumba nzima yanapanda bila mtu yeyote kunufaika. Aidha, vyumba sita vikijumlishwa huvuka uniti 75 kirahisi, kwa hiyo hata yule ambaye angekuwa D1 peke yake analipa bei ya T1.

Suluhisho bora ni kila kaya kuwa na mita yake ya shirika. Pale isipowezekana, mwenye nyumba afunge mita ndogo kwa kila chumba, kwa mkono wa fundi mwenye leseni. Hizi hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme, zina kitaa kilekile na kioo cha uniti. Kila Jumapili mtu mmoja, mbele ya wengine, anasoma mita zote sita na kuandika kwenye daftari moja. Fedha ya ununuzi unaofuata igawanywe kwa uniti za kila chumba. Kodi ya jengo itolewe kwenye hesabu, kwa kuwa ni deni la mwenye nyumba, si la mpangaji. Mpangaji aliyeilipa kupitia LUKU atunze ujumbe na akate kwenye kodi ya chumba kwa makubaliano ya maandishi. Makubaliano ya mdomo juu ya jambo hili hayadumu.

Mita janja inaongeza nini

Ili kuelewa faida ya mita janja, kumbuka tabu ya mwaka 2024. Mita ya LUKU ya kawaida haina simu wala intaneti. Namba 20 unazoingiza ni ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake, na ndani yake kuna muhuri wa wakati: dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa dakika hizo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mfumo huo, uliozaliwa Afrika Kusini, unatumika katika nchi nyingi duniani, na kote huko mita zililazimika kubadilishiwa ufunguo kwa mkono. Ndipo tukaletewa namba 60 badala ya 20, na bibi yangu mdogo kule Lushoto akalazimika kumngoja mjukuu atoke shule aje amwingizie. Hapakuwa na njia nyingine, kwa sababu ujumbe unakwenda upande mmoja tu, kupitia kidole chako. Mita ile inasikia, haisemi.

Mita janja inasema. Inawasiliana na shirika kwa mtandao wa simu, kwa redio, au kupitia nyaya zenyewe za umeme. Ukinunua, uniti zinaweza kuingia zenyewe, bila namba na bila rimoti iliyokwisha betri. Kwa mzee, kwa asiyeona vizuri na kwa mtu ambaye mita yake iko juu ya nguzo, hilo peke yake ni nafuu kubwa. Lakini kwa upande wa kuokoa umeme, faida kubwa ni kumbukumbu. Mita hiyo huweka usomaji wa kila nusu saa au saa, mchana na usiku. Kazi tuliyoifanya kwa kuhesabu kitaa, yenyewe inaifanya bila kulala. Kwenye mchoro wa siku moja unaona mlima wa asubuhi wa hita na pasi, tambarare ya mchana, na mlima mrefu wa jioni. Na unaona mstari wa saa tisa usiku, wakati wote wamelala. Mstari huo utazame kuliko mwingine wowote. Ukiwa juu, kuna kitu kinakula usiku kucha kila siku ya mwaka: friji ambayo kompresa yake haipumziki, pampu inayojaza tangi linalovuja, redio kubwa isiyochomolewa. Wati 100 zinazovutwa saa 24 ni uniti 72 kwa mwezi. Hizo karibu zinamaliza haki nzima ya mteja wa D1.

Kumbukumbu hiyo hurekodi pia nguvu ya umeme unaoingia. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230. Mitaa mingi jioni hushuka, feni inazunguka kwa uvivu, na kompresa ya friji inahangaika mpaka inaungua. Ukilalamika leo unaambiwa fundi atakuja, naye anakuja saa nne asubuhi umeme ukiwa mzuri. Mita inayoandika volti za saa mbili usiku inamaliza ubishi huo. Vilevile shirika linaweza kulinganisha umeme uliopita kwenye transfoma na jumla ya mita za nyumba zote zilizo chini yake, na tofauti ikiwa kubwa linajua mtaa gani unapoteza umeme, kwa wizi au kwa nyaya mbovu. Upotevu huo tunaulipia sote.

Neno kuhusu saa. Wapo wanaoamka usiku wa manane kufua na kupiga pasi wakiamini umeme wa usiku ni nafuu. Kwa mteja wa nyumbani Tanzania bei ni moja saa zote. Kenya ilianzisha mwishoni mwa 2017 bei nafuu ya saa za usiku kwa wateja wakubwa wa viwanda na biashara, na bei za namna hiyo zinawezekana tu pale mita inapojua saa. Kwetu, kuhamisha pasi kutoka saa mbili usiku kwenda mchana hakupunguzi shilingi, lakini kunaipunguzia mzigo transfoma ya mtaa. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa zenye uwezo wa megawati 2,115, ila umeme huo unakufikia kupitia transfoma ileile ya mtaani iliyofungwa wakati nyumba zilikuwa nusu ya zilizopo leo. Volti zako za jioni ziko mikononi mwa majirani, na zao mikononi mwako.

Siku wanapokuja kubadilisha

Kabla mita ya zamani haijang'olewa, ipige picha: namba yake na salio lililobaki. Uniti zilizobaki ni mali yako, hakikisha zinahamishiwa kwenye mita mpya na uonyeshwe kabla mafundi hawajaondoka. Waombe vitambulisho. Usimpe mtu fedha mkononi. Waulize namba ya kubonyeza ili kuona salio na ile ya kuona wati za papo hapo, kwa sababu kila kampuni ya mita ina namba zake. Waulize pia utaonaje kumbukumbu zako, kwa simu au kwa kufika ofisini. Ukikosa majibu hapo, uliza ofisini kwa maandishi, kwa sababu mita janja ambayo mwenye nyumba hawezi kuona inachokiandika inamsaidia muuzaji peke yake.

Kumbukumbu za kila nusu saa zinaeleza mengi: mnaamka saa ngapi, nyumba iko tupu siku gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na una haki ya kuuliza nani anaziona taarifa zako na kwa kazi gani. Wewe mwenyewe usirushe picha ya mita na matumizi yako kwenye magrupu ya simu.

Na akija kishoka, fundi wa mtaani asiye na leseni, akakuahidi kuipunguza mita kasi, mfukuze. Mita janja hutoa taarifa ikifunguliwa, faini ni yako, na waya unaoruka kipimo ndio unaochoma nyumba.

Kwa wenye mashine

Mwenye karakana au kiwanda kidogo kinachotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi yuko T2, na hesabu yake ina sura nyingine. Uniti ni shilingi 195, lakini analipa pia zaidi ya shilingi 15,000 kwa kila kVA ya kilele chake cha mwezi. Kilele hicho hutokea mara nyingi asubuhi, mashine zote zinapowashwa kwa pamoja. Wateja wa ngazi hii mita zao zilianza kusomwa kwa mbali zamani kuliko za majumbani, kwa hiyo mchoro wa mwezi upo. Uombe. Tazama kilele kiko saa ngapi, kisha panga mashine ziwashwe kwa zamu.

Mota nyingi huvuta kVA zaidi ya kazi zinayofanya. Karakana yenye mzigo wa kilowati 70 na kipeo cha nguvu (power factor) cha 0.7 inahesabiwa kVA 100. Kapasita zilizofungwa na fundi anayejua zikikipandisha kipeo hicho hadi 0.95, kazi ileile inahitaji kVA 74. Tofauti ni kVA 26, karibu shilingi 390,000 kila mwezi, bila kupunguza uzalishaji hata kidogo.

Jikoni, na mita unayoishuku

Kitaa hicho hicho kinaweza kukuondolea hofu ya kupikia umeme. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, lakini wengi bado wanaamini jiko la umeme litawafilisi. Soma mita, pika maharage kwenye jiko la presha la umeme la wati 1,000, soma tena. Kwa kuwa jiko hilo likishapata presha hujizima na kuwaka kidogo kidogo, sufuria ya maharage kwa kawaida haifiki nusu uniti, yaani chini ya shilingi 180 kwa T1. Linganisha na mkaa uliouchoma jana. Friji nayo ikaguliwe kwa karatasi: ibane mlangoni, uivute, ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na ubaridi unatoka. Isogeze mbali na jiko na uiachie nafasi ya kupumua nyuma.

Kama umefanya haya yote na bado unaamini mita inakimbia, ipime. Chukua birika la wati 2,000, lijaze maji, zima vingine vyote, uliwashe kwa dakika tatu. Mita ya 1000 inatakiwa ipepese takriban mara 100. Fanya mchana, maana volti zikishuka birika nalo huvuta kidogo na hesabu itakudanganya. Rudia mara kadhaa, uandike. Ikitoka 95 au 105, mita ni nzima. Ikitoka 130 kila mara, una kesi. Peleka barua ofisi ya TANESCO ya wilaya, omba mita ya kukagulia ifungwe sambamba na yako, na uchukue nakala iliyogongwa muhuri. Usipopata jibu, hatua inayofuata ni EWURA, na EWURA CCC, baraza la watumiaji, lipo kukuelekeza namna ya kuwasilisha lalamiko bila gharama. Nenda na daftari la Jumapili, picha za kioo cha mita na jumbe zote za ununuzi ambazo hukuzifuta.